Mwalimu bora wa nyumbani hutambuliwa kwa kazi anayoifanya mwanafunzi

WAZAZI wengi nchini humtafuta mwalimu wa nyumbani wakati maji yamezidi unga. Ripoti ya muhula imeletwa, alama za Hisabati zimeporomoka, na mtihani wa kitaifa umebakisha miezi michache. Hapo simu hupigwa kwa jirani, jirani naye humtaja kijana fulani "anayejua kufundisha", na kufikia Jumamosi kijana huyo ameketi mezani na mtoto, kitabu kimefunguliwa na kazi imeanza.

Mara nyingi huwa hakuna aliyeuliza swali la msingi: je, kijana huyo anaweza kufanya nini ambacho mwalimu wa darasani, mwenye wanafunzi 50 au 60, hawezi kukifanya?

Huenda halijui somo lenyewe kumshinda mwalimu wa shule, ambaye amesomea kazi hiyo na ana tajriba ya miaka mingi. Alicho nacho ni nafasi ya kumsikiliza mwanafunzi mmoja akifikiri. Akiitumia nafasi hiyo, mtoto atanufaika. Akiipoteza kwa kuhutubu, mzazi atakuwa amelipia darasa la pili, dogo kuliko la kwanza na ghali zaidi.

Kosa lililojificha

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Gredi ya 6 anayeombwa ajumlishe nusu na theluthi. Anaandika 2/5. Amejumlisha 1 na 1 juu, kisha 2 na 3 chini.

Mwalimu asiye na subira atalikata jibu hilo kwa kalamu nyekundu, aonyeshe jinsi 6 inavyopatikana chini, aandike 5/6, kisha ampe mtoto maswali kumi ya aina iyo hiyo. Mtoto atayapata yote kumi kwa kuwa anaiga hatua alizoziona punde tu. Mzazi atafurahi. Wiki mbili baadaye swali lilo hilo litakuja limevaa nguo nyingine, na mtoto atarejea pale pale kwenye 2/5.

Mwalimu hodari huanza kwa kuuliza: "Umelipataje jibu hili?" Mtoto akishaeleza, mwalimu huchora chapati karatasini. Hii hapa ni nusu. Umeongezewa theluthi. Sasa una zaidi ya nusu au chini ya nusu? Zaidi, atajibu mtoto. Na mbili kwa tano, je, ni zaidi ya nusu au ni chini yake?

Hapo kimya hutanda mezani, na kimya hicho ndicho mzazi anacholipia. Mtoto amegundua mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani: alianza na nusu, akaongezewa, kisha akajikuta na kidogo kuliko alichoanza nacho. Kuanzia hapo atakuwa na hamu ya kujua njia sahihi, na njia hiyo itakaa.

Huenda pia mwalimu akabaini kwamba tatizo li mbali zaidi. Wapo wanafunzi wanaoiona sehemu kama namba mbili zilizotenganishwa na mstari, wala hawajapata kuielewa kuwa kiasi kimoja. Mwanafunzi wa aina hiyo hana budi kurudishwa kwenye kazi ya Gredi ya 4, na hapa ndipo wazazi hupandwa na hasira. Mbona mtoto wa Gredi ya 6 anakatwakatwa karatasi kama mtoto mdogo? Mwalimu mwenye msimamo atamweleza mzazi sababu na kuendelea. Mwalimu anayeihofia kazi yake atafungua ukurasa wa mada ya wiki hiyo ili mzazi aridhike, na nyufa za msingi zitafunikwa kwa rangi.

Katika somo la Kiswahili hali ni iyo hiyo. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuzitaja ngeli zote kwa mpangilio, A-WA, KI-VI, LI-YA na nyinginezo, kisha aandike "vitabu zangu zimepotea" katika sentensi inayofuata. Kumkaririsha orodha ya ngeli kwa mara ya tano hakutamfaa, kwani orodha anayo. Anachokosa ni sikio, maana lugha anayoitumia kutwa nzima mtaani haifuati upatanisho huo. Mwalimu aliyelielewa hili humfanya asome insha yake mwenyewe kwa sauti, polepole, na asimame kila anapohisi neno limemkwama. Mwanzoni husimama mara moja au mbili. Baada ya majuma kadhaa huanza kusimama kabla hata ya kuandika.

Kuhusu insha, walimu wengine wa nyumbani wamejipatia sifa kwa kuwakaririsha wanafunzi aya nzima za mapambo. Jua linachomoza, ndege wanaimba, umande unametameta, na mwanafunzi aliyefunzwa hivyo atalichomoza jua hilo hata anapotakiwa kumwandikia mhariri barua kuhusu uchafuzi wa mto. Watahini wameyasoma mapambo hayo maelfu ya mara.

Utafiti unasema nini

Imani kwamba kufundishwa mtu mmoja mmoja huleta natija kubwa ilipata nguvu mnamo 1984, pale Benjamin Bloom, msomi wa elimu nchini Marekani, alipochapisha makala yaliyotokana na tafiti za wanafunzi wake wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwanafunzi wa wastani aliyepewa mwalimu wake aliwapita asilimia 98 ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida darasani. Idadi hiyo imekuwa ikinukuliwa tangu wakati huo na wanaouza masomo ya ziada kote duniani.

Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi hao hawakuruhusiwa kuingia katika mada mpya kabla ya kuimudu ile ya awali. Walipewa majaribio mafupi, makosa yakasahihishwa, wakajaribiwa tena. Aidha, tafiti za baadaye zimeyapunguza matumaini. Kurt VanLehn alipoyakusanya matokeo ya tafiti nyingi mnamo 2011, alipata kwamba manufaa ya mwalimu wa mtu mmoja yapo na ni makubwa, ila hayafiki nusu ya yale aliyoyataja Bloom.

Utafiti unaopaswa kuwashughulisha wazazi zaidi ulichapishwa na Michelene Chi na wenzake mnamo 2001. Wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani walifundishwa jinsi damu inavyozunguka mwilini. Katika vipindi vya kwanza walimu walieleza kama walivyozoea. Katika vipindi vingine walizuiwa kueleza. Waliruhusiwa tu kumchochea mwanafunzi aeleze mwenyewe. Wanafunzi wa pande zote mbili walijifunza kwa kiwango sawa. Yale maelezo marefu ya mwalimu, ambayo mzazi huyasikia akiwa jikoni na moyo wake ukatulia, hayakuwapa wanafunzi faida ya ziada.

Wala si lazima vipindi viwe virefu. Shule zilipofungwa mnamo 2020 kwa sababu ya Covid-19, watafiti nchini Botswana walizifikia familia zipatazo 4,500. Baadhi zilitumiwa hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Nyingine zilipokea ujumbe huo pamoja na simu ya takriban dakika 20 kutoka kwa mwalimu, ambaye alimpa mtoto maswali kulingana na kiwango chake badala ya kufuata gredi yake. Waliopigiwa simu waliimarika katika hesabu, ilhali waliopata ujumbe pekee hawakuonyesha maendeleo ya kutegemewa. Mpango wa namna hiyo ulijaribiwa baadaye katika mataifa mengine matano, Kenya ikiwamo, na ukafaulu. Dakika 20 zinazolenga pale mtoto alipokwama zina thamani kuliko saa tatu za kurudia yaliyofundishwa shuleni.

Daftari halidanganyi

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumlipa mwalimu muhula mzima ili amsaidie mpwa wake katika Hisabati. Kila Jumapili daftari lilikuwa limejaa: hesabu safi, mistari iliyonyooka, majibu sahihi. Ni baada ya matokeo mabaya ya mwisho wa muhula ndipo daftari hilo lilipotazamwa kwa makini, na ikabainika kwamba hati ile nzuri ilikuwa ya mwalimu. Mtoto alikuwa ameketi kando akitazama, kama abiria dirishani.

Mzazi asiyejua chochote kuhusu milinganyo au kemia anaweza kulikagua daftari. Hati ni ya nani? Kuna makosa yaliyokatwa na kusahihishwa na mtoto mwenyewe, au kila ukurasa ni safi mno? Je, swali lililomshinda wiki tatu zilizopita limeletwa tena? Mwalimu makini hurudia ya zamani kila baada ya muda, kwa kuwa anafahamu kwamba kilichoeleweka leo kinaweza kutoweka kabla ya mwezi kuisha.

Fauka ya hayo, mzazi anaweza kumwomba mtoto amfundishe yeye alichojifunza siku hiyo. Dakika tano zinatosha. Akiweza kueleza kwa maneno yake, hata kwa kubabaika, kipindi kilikuwa na maana. Akisema tu "tulifanya sehemu", mzazi ana haki ya kuuliza zaidi.

Kazi za nyumbani ni mtego mwingine. Mwanafunzi hufika mezani na kazi aliyopewa shuleni, amechoka, na anataka iishe. Mwalimu dhaifu humfanyia. Zamani madhara ya udanganyifu huo yalionekana tu katika chumba cha mtihani. Chini ya mtaala wa umilisi madhara huanza mapema, kwa sababu tathmini zinazofanywa shuleni ni sehemu ya alama. Kwa mwanafunzi anayejiunga na sekondari pevu, asilimia 60 ya alama hutoka katika tathmini ya KJSEA ya Gredi ya 9, asilimia 20 katika KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Mwalimu anayemfanyia mtoto mradi wake anamghushia sehemu ya alama hizo, na walimu wa shule hawatapata kujua ni wapi mtoto anahitaji msaada.

Anaujua mtaala upi?

Hapa pana tatizo ambalo wazazi wengi hawajalizingatia. Walimu wengi wa nyumbani ni wanafunzi wa vyuo vikuu au wahitimu wanaosubiri ajira, na karibu wote walisoma chini ya mfumo wa 8-4-4. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, lakini karatasi zake za miaka ya nyuma zingali zinabebwa kwenye mikoba na kutolewa kwa watoto wa sekondari msingi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kuchagua jibu kati ya A, B, C na D ni zoezi lisilo na ubaya. Hata hivyo, mwanafunzi anayetakiwa kueleza, kuchunguza na kutekeleza kazi mradi anahitaji mazoezi ya kueleza, kuchunguza na kutekeleza.

Kwa wale ambao bado wamo katika 8-4-4, ambao mtihani wa mwisho wa KCSE unatarajiwa kufanywa 2027, ujuzi wa umbo la mtihani una uzito wake. Mwalimu wa Hisabati anapaswa kujua kwamba karatasi ya kwanza hutahini zaidi kazi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, hivyo mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeyapuuza mambo ya awali hupoteza alama nyingi. Mwalimu wa Kiswahili anapaswa kujua kwamba katika karatasi ya pili, yenye alama 80, matumizi ya lugha huchukua 40, ufahamu 15, muhtasari 15 na isimujamii 10.

Katika fasihi kuna jaribio rahisi. Mwulize anayetaka kumfundisha mwanao kama ameisoma riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, au tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaofundisha vitabu hivyo kwa kutegemea miongozo pekee. Hilo hudhihirika mwanafunzi anapouliza kwa nini mhusika alitenda alivyotenda na mwalimu akajibu kwa orodha ya sifa zake.

Kukiri kutojua pia ni sifa. Mwalimu anayesema "sijui, nitatafuta tuzungumze Jumamosi", kisha Jumamosi akaja na jibu, amemfunza mtoto jambo ambalo halimo kitabuni. Anayebuni jibu ili aonekane bingwa afaa kuagwa.

Sheria, maslahi na usalama

Masomo ya ziada yana historia ndefu ya mivutano hapa nchini. Mnamo 2012 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Mutula Kilonzo, alipiga marufuku masomo ya likizo, na mwaka uliofuata Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 37, ikakataza mwanafunzi kufanyishwa masomo hayo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Lengo lilikuwa kumpa mtoto nafasi ya kupumzika na kuzikinga familia dhidi ya malipo ya lazima. Mzazi anayeijaza likizo nzima kwa walimu watatu wanaopokezana sebuleni anakwenda kinyume cha lengo hilo, hata kama hakuna afisa atakayebisha hodi.

Swali jingine linahusu mwalimu wa darasani anayejitolea kumfundisha mwanafunzi wake kwa malipo jioni. Anamfahamu mtoto, hilo ni kweli. Lakini Mark Bray, ambaye amechunguza masomo ya ziada katika mataifa mengi na aliyeiandikia UNESCO kitabu kuhusu suala hilo mnamo 1999, ameonya kwamba mpangilio huo humpa mwalimu kishawishi cha kuacha baadhi ya mambo darasani ili ayauze baadaye. Mtu akipata mwalimu kutoka shule nyingine atakuwa amejiepushia shaka hiyo.

Kuhusu usalama, mzazi hapaswi kuona haya. Kumwuliza mgeni maswali kabla ya kumwachia mtoto si kumvunjia heshima, na mwalimu mwadilifu hulielewa jambo hilo kabla ya kuambiwa. Kama ni mwalimu aliyehitimu, aonyeshe nambari yake ya usajili wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na mzazi aithibitishe kwa tume. Kama hajasajiliwa, kitambulisho na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi ni mambo ya kawaida kuombwa. Azungumze pia na angalau familia mbili alizowahi kuzifundishia watoto.

Vipindi vifanyiwe mahali pa wazi, sebuleni au barazani, kukiwa na mtu mzima nyumbani. Kamwe visifanyiwe chumba cha kulala, wala nyumbani kwa mwalimu mlango ukiwa umefungwa. Mawasiliano ya simu kuhusu ratiba yapitie kwa mzazi. Mtoto anayeanza ghafla kukataa vipindi asikemewe kuwa ni mvivu kabla ya kusikilizwa. Nambari 116, inayopigwa bila malipo, hupokea ripoti za watoto walio hatarini.

Malipo na muda

Ni afadhali kulipa kwa kipindi kuliko kulipa muhula mzima kwa mkupuo, angalau hadi uaminifu ujengeke. Mapatano yaandikwe, hata kama ni mistari mitano tu: siku, saa, malipo, somo, na kinachotarajiwa. "Kumwinua mtoto" hakupimiki. "Aweze kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti bila msaada kufikia katikati ya muhula" hupimika.

Vipindi viwili vya saa moja kwa wiki vinawatosha wanafunzi wengi. Baada ya vitano au sita, mwalimu aketi na mzazi, mtoto akiwapo, aeleze alichogundua. Mwalimu aliyefanya kazi yake atazungumza kwa mambo mahususi: anazidisha vizuri ila hupotea kwenye maswali ya maneno, au anasoma haraka akaruka maneno madogo yanayobadilisha maana. Anayesema tu kwamba mtoto "anajaribu" au kwamba "atafika" pengine hajamtazama.

Mwalimu wa namna hiyo, ambaye hana la kusema, ndiye pia huwa hana haraka ya kuondoka. Mwezi huingia mwezi, malipo hutoka, na mtoto huzoea kwamba swali gumu husubiri mtu wa Jumamosi. Mwenye ujuzi huanza mapema kujipunguza. Humwacha mwanafunzi robo ya kipindi peke yake na kazi, kisha nusu, akirudi tu kutazama. Siku moja atamwambia mzazi kwamba vipindi viwili vimekuwa vingi na kimoja kinatosha, na mzazi akishalisikia hilo, wapange papo hapo tarehe ya kipindi cha mwisho.